Kumfuata Selvi Madurai

Mashoga zangu, siku hizi kila nikiingia nyumba ya mtu, hata kahawa haijamiminwa, nasikia: "Ehe, Zuwena, hebu tupe habari za Bara Hindi." Nimeisimulia mara hii jikoni, mara ile harusini, mpaka kila mmoja wenu ana kipande chake, na vipande vingine vimeota miguu. Yuko anayesema nilipigana na mwanamke mlangoni mwa hekalu. Yuko anayesema kaka yangu Seif kaoa huko. Basi nayaandika yote, tangu mlangoni kwangu mpaka mlangoni kwangu, na anayetaka kuongeza chumvi akaongeze kwake.

Tikiti na viza naziruka. Nyote mnajua foleni, na hakuna foleni iliyowahi kuwa na hadithi.

Mawaleh, kabla ya kutoka

Nianze na wivu, maana ndio ulionipandisha ndege.

Selvi ni mwanamke wa Madurai, kusini kabisa ya Bara Hindi. Aliingia nyumbani kwangu, hapa Mawaleh mjini Muscat, wakati Raya, mwanangu wa pekee, hajaota jino. Mimi nilikuwa nafundisha asubuhi, na mchana narudi kwenye masomo yangu mwenyewe. Marehemu mume wangu Khalfan alikuwa mtu wa safari. Selvi ndiye aliyemwogesha Raya, akamlisha wali wa mtindi kwa mkono, akamsuka nywele. Neno la kwanza mwanangu alilotamka lilikuwa "Amma", yaani mama kwa Kitamil, wala hakuwa akinitazama mimi. Mimi nilikuja kuitwa "Mama" baadaye, baada ya kufundishwa. Raya akipata homa alimwita Amma. Akifaulu mtihani alikimbilia jikoni. Watu wakitaka kunifariji huniambia kuzaa si kazi, kazi ni kulea, nao hawajui kwamba wananitia pilipili penye kidonda.

Kila mwaka, joto likianza kukaza, Selvi aliomba ruhusa ya kwenda kwao kwenye sherehe za Chithirai. Alikuwa anakwenda amechoka na anarudi anang'aa, na bangili na hadithi. Raya alikuwa akimlalia mapajani kusikiliza habari za farasi wa dhahabu na harusi ya Meenakshi, na mimi nikipita na kikombe changu cha chai, hadithi inashushwa sauti. Niliionea wivu hata hiyo sherehe. Mwanamke wa jikoni kwangu, mji mzima unamngoja! Mimi Unguja nilikozaliwa hakuna mtu anayeningoja.

Raya alipomaliza shule, Selvi akarudi kwao kwa heri. Nikashusha pumzi. Miaka michache baadaye tukapata habari kwamba mumewe amefariki, tukapeleka rambirambi, maisha yakaendelea. Kisha Raya akaposwa na kijana wa watu wa Mabela. Nilimpa siku kadhaa afikiri, na jioni ya jibu nilikaa chumba cha pili nikingoja aje aniambie. Jibu nililisikia kupitia ukutani, kwa Kitamil. Kwanza alikuwa amepiga simu Madurai.

Baadaye ndipo akaja kwangu, na sharti mkononi. Alitaka Selvi ampake singo, ule msuguo wa manukato wa bibi harusi. Kumsugua bibi harusi singo ni kazi ya somo wake, ambaye kwa kawaida ni shangazi yake, na Raya hana shangazi aliye hai. Mimi nilikuwa nimeshajiwekea moyoni kwamba nitasimama mwenyewe. Nilikuwa nimeshaagiza liwa na mawaridi makavu kutoka Unguja.

"Mama, usinune," akanambia. "Amma kanambia hawezi kuja, na hataki kusema kwa nini. Nnajua akikuona weye atakuja."

"Na asipokuja?"

"Basi harusi isogee mpaka aweze."

Nikasema nitakwenda. Nyinyi mlinisifu, mkasema huyo ndiye mama. Sasa nisikilizeni: nilikwenda nikiomba akatae. Akatae mbele yangu, tena mbele ya shahidi, nirudi na mikono mitupu na moyo mweupe, na Raya ajue nani ni nani katika dunia hii. Shahidi alikuwa kaka yangu Seif, ambaye aliwahi kuishi Bombay ujanani na tangu hapo anaamini Bara Hindi yote ni mtaa wake.

Kwenye sanduku nilitia zawadi ya Selvi, doti moja ya kanga. Niliitafuta madukani Matrah, si rangi niliyokuwa nikitafuta bali jina, mpaka nikalipata: NANI KAMA MAMA. Hamna haja ya kuelezwa. Kanga husema pale mdomo unapoona haya.

Muscat mpaka Chennai

Ndege ilichelewa, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Uwanja wa Seeb ulikuwa umejaa wanaume waliokuwa wakirudi makwao, na mablanketi yaliyofungwa kamba na maboksi ya televisheni. Hakuna hata mmoja aliyelalamika. Mmoja aliyekaa ubavuni kwangu, fundi wa mabomba anayefanya kazi Bustan, alinionyesha picha ya mkewe, ya mama yake, na ya ng'ombe. Wote wanamngoja, alisema, hata ng'ombe. Nilimpongeza. Ndani nilikuwa nawaza, mimi nakwenda kwa mtu asiyenihitaji, kumwita kwa mtu anayemhitaji yeye kuliko anavyonihitaji mimi.

Chennai tulifika asubuhi, joto limesimama mlangoni mwa ndege likitungoja. Seif akamvaa dereva wa teksi kwa Kihindi chake cha Bombay, na mikono juu, kama mwenyeji. Dereva akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa Kiingereza. Seif akaongeza Kihindi. Dereva akaongeza Kiingereza. Hivyo hivyo mpaka stesheni. Huko kusini Kihindi si lugha yao, na hawapendi kudhaniwa kuwa ni yao. Seif alishuka akisema mtu yule hana adabu, nami nilifurahi kidogo, maana ilikuwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani kwamba aliyepuuzwa si mimi.

Tulikula karibu na stesheni. Walituletea idli, mikate myeupe ya mchele iliyopikwa kwa mvuke, na mchuzi wa dengu wenye ukwaju.

"Hivi ni vitumbua vya mgonjwa," Seif akasema. Akala sahani tatu.

Treni iliyosimama

Treni ya Madurai ilikuwa ya mchana. Ilikwenda vizuri, tukapita mashamba ya mpunga na mitende ya kienyeji, kisha ikasimama katikati ya mashamba. Ikasimama tu. Watu wakashuka, wakajinyoosha, wakapanda. Seif akalala na mdomo wazi. Mbele yangu alikaa mama mmoja mwenye miwani, aliyewahi kuwa karani wa benki, na mkoba wa chuma wa vyakula vilivyopangwa ghorofa ghorofa. Aliponiona natafuna biskuti kavu akafungua ghorofa moja, akanimegea kwenye kifuniko. Wali wa mtindi, na achari ya ndimu pembeni.

Nilikula tonge moja, likanikwama. Ule ndio wali wa Raya. Kwa miaka nilikuwa nikiupita jikoni kwangu ndani ya bakuli ndogo ya chuma, sijawahi kuonja, na sasa nilikuwa nauonja kwenye treni kutoka kwa mtu nisiyemjua. Mtamu, mashoga zangu. Nilitamani uwe mbaya.

Yule mama akaniuliza kama nakwenda kwenye sherehe. Nikamwambia nakwenda kumwona mtu. Akasema wiki hii huwezi kumwona mtu Madurai bila kuiona sherehe, akanisimulia. Meenakshi ni malkia na mungu wao wa kike, na kila mwaka anaozwa upya hekaluni katikati ya mji. Kaka yake, Alagar, anakaa kilimani nje ya mji, naye ndiye anayepaswa kumtoa bibi harusi. Anashuka kilimani na zawadi zote, juu ya farasi wa dhahabu. Lakini njiani kila kijiji kinamsimamisha. Anapofika mtoni anaambiwa harusi imeshapita. Anakasirika, anawagawia watu zawadi hapo hapo, anageuka, haingii mjini.

"Kila mwaka anachelewa?" nikauliza.

"Kila mwaka."

"Na kila mwaka wanaoza bila kumngoja?"

Akacheka, akasema hivyo ndivyo ilivyo. Nilimpenda yule kaka papo hapo. Dini yake si yangu, na sikwenda kule kuabudu, lakini hasira zile nilizijua. Mtu ana haki yake kwenye harusi, anafika, anakuta imeshashikwa na wengine.

Treni ikastuka, ikaondoka. Seif akaamka akauliza tumefika wapi, na chakula kile kimetoka wapi, na kama kimebaki.

Madurai, mlangoni kwa Selvi

Tulifika usiku, saa nyingi baada ya ile tuliyoahidi. Nilitarajia tutapokewa na mwanawe Selvi, lakini kwenye benchi la stesheni, miguu imekunjwa juu na mfuko wa karanga mapajani, alikuwa Selvi mwenyewe. Alikuwa ameketi hapo tangu jioni.

"Bi Zuwena! Umekonda! Kaka Seif, weye hukukonda." Kiswahili kile kile cha jikoni kwangu, cha Unguja kabisa, katikati ya stesheni ya Madurai. Watu wakageuka. Akanikumbatia, na kabla hajaniachia akauliza: "Raya hajambo? Anakula?"

Nilimtazama. Nywele zimekuwa nyeupe, zimefungwa fundo kavu, bila ua. Kipaji cha uso kitupu, hakina lile doa jekundu alilokuwa halikosi. Mikono haina bangili. Nikajisemea, amezeeka. Na nawaambia kweli, nilifurahi.

Mji ulikuwa umewashwa taa mpaka kwenye matawi ya miti. Vipaza sauti kila kona, ngoma, moshi wa udi, watu wa vijijini wamelala kwenye vibaraza na watoto wao. Nyumba ya Selvi ilikuwa uchochoroni, ndogo na safi, na ukutani, mahali ambapo wengine huweka picha za ukoo, palikuwa na picha za Raya: akiwa na pengo, na sare ya shule, siku ya Idi na gauni nililomshonea mimi. Mimi mwenyewe nilikuwa ndani ya picha moja. Nusu. Bega na kikombe.

Mkwewe, Kavitha, mke wa mwanawe, akatuwekea majani ya mgomba tukala. Baada ya kula nikatoa kanga. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo tangu Matrah.

Selvi akaikunjua, akapitisha kidole kwenye maandishi. Kusoma Kiswahili hajui, anajua kukisema tu. "Imeandikwa nini?"

Nilikuwa sikulifikiria hilo, kwamba nitaulizwa na italazimu nitamke. Seif akaacha kutafuna.

"Nani kama mama," nikasema upesi.

Selvi akaigusisha kanga machoni, kulia halafu kushoto, kama wanavyofanya kwa kitu kitukufu. "Bi Zuwena," akasema, "na mie miaka yote nilidhani hunipendi."

Seif akakohoa mpaka akaletewa maji.

Nikaona bora nimalize shughuli yangu. Nikamweleza ombi la Raya, la singo, neno kwa neno, bila kuongeza sukari. Nikangoja akatae. Akaikunja kanga taratibu.

"Tungoje Alagar aingie mtoni," akasema. "Nitakujibu hapo. Sherehe haitaki maneno ya huzuni."

Maneno ya huzuni! Basi jibu ni hapana, nikajua. Nililala nyumba ya wageni karibu na msikiti, nikalala kama mtoto.

Siku ya harusi ya Meenakshi

Harusi ilikuwa asubuhi. Kavitha alitoka mapema na wanawake wa uchochoro ule, kila mmoja amebeba uzi mpya wa manjano. Mke wa kule huvaa uzi shingoni ambao mumewe alimfunga siku ya ndoa, na siku hiyo, mungu wao akifungwa uzi wake, wake wa mji mzima hubadilisha zao. Nilidhani Selvi atakuwa wa mbele. Hakwenda. Alijifungia jikoni na masufuria ya wageni. Nikasema, ananikimbia huyu, hataki niandamane naye.

Nikamchukua Seif tukaenda kutembea. Mji ulikuwa unamiminika kuelekea hekaluni, na kwenye vibanda vya majani watu walikuwa wanagawa bure mtindi uliochanganywa na maji, chumvi na tangawizi. Seif alipita kibanda baada ya kibanda. Nami nikafika soko la maua, nikasahau nilikuwa na hasira na nani.

Asumini, mashoga zangu. Magunia kwa magunia ya asumini, imemwagwa chini, inapimwa kwa kilo kama mchele. Nilisimama nikaona mama yangu Unguja, alasiri, na sinia la asumini na rihani mapajani, anafunga vikuba. Mwanamke kwetu bila asumini hajatoka. Wauzaji walikuwa wanaitunga kwa uzi wa mgomba, haraka kuliko macho. Nikanunua tungo tatu: moja yangu, moja ya Kavitha, na moja, nikabishana na nafsi yangu, ya Selvi. Nilisema, simpendi, lakini mji ni wake na siku ni ya kwao.

Nyumbani nikawakuta wanawake wamerudi, uso wa kila mmoja umejaa furaha, nyuzi mpya zinang'aa. Nikamfunga Kavitha asumini nywelini, wakashangilia. Selvi alikuwa amechuchumaa jikoni, ametupa mgongo. Nikamjongelea kwa nyuma, na kwa mikono yangu miwili nikamvisha tungo kwenye lile fundo lake jeupe.

Akaruka kama aliyeungua. Akaling'oa ua, likaanguka kwenye jivu. Mwanamke mmoja akapiga yowe, "Aiyo!", mwingine akaangusha sahani. Selvi akawa ameufunika uso kwa upindo wa sari.

Kavitha akanishika mkono, akanitoa kibarazani, akanieleza kwa Kiingereza cha polepole. Tangu mumewe afariki, mama havai ua, wala doa, wala bangili. Hasogei penye harusi. Mjane huleta mkosi kwa bibi harusi, ndivyo alivyolelewa. Siku hizi wako wengi wasioshika hayo, lakini yeye anayashika.

"Hata harusi yangu mimi na mwanawe," Kavitha akasema, "aliitazama kutoka chumba cha nyuma, mlango umefungwa nusu."

Nikakaa chini. Kumbe hilo ndilo jibu. Sikuhitaji kungoja mto. Nilichokuwa nikikiomba tangu Mawaleh nilikuwa nimekipata, safi kabisa, kwa mila yao wenyewe, na shahidi wangu Seif amesimama pale na bilauri ya mtindi. Nilipaswa kufurahi.

Sikufurahi. Niliona wivu, tena wivu ambao sijawahi kuuona maishani. Mimi nilitaka kumwondoa yeye ili nibaki mama peke yangu. Yeye alijiondoa mwenyewe, akaula uchungu wake kimya, ili mwanangu asidhurike. Hata katika kukataa alikuwa amenishinda.

"Basi tumemaliza," Seif akanambia njiani. "Hataki mwenyewe. Huna lawama."

"Hebu ninyamazie, Seif."

"Nimesema nini?"

"Umesema kweli. Ninyamazie."

Mtoni

Siku ya Alagar tulisali alfajiri tukatoka na Selvi. Huko mjane haendi harusini, lakini mtoni kila mtu huenda. Mchanga wote wa mto Vaigai ulikuwa watu. Wanaume walionyoa vichwa, bibi vizee waliobebwa migongoni, na watu waliovaa nguo za rangi wenye viriba vya ngozi, wanarusha maji juu ili kumpoza Alagar na joto la njia. Seif alirushiwa maji usoni, akakasirika, akarushiwa tena, akacheka. Mimi nilishika upindo wa sari ya Selvi nisipotee, kama Raya alivyokuwa akishika.

Kisha watu wakanguruma. Farasi wa dhahabu akatokea juu ya mabega ya watu, anayumba, na mpandaji wake amevishwa hariri ya kijani. Watu wakaruka kwa furaha.

"Kijani!" Selvi akanipigia kelele sikioni. "Mwaka utakuwa mzuri! Mvua itanyesha!"

Farasi akaingia kwenye maji machache ya mto. Akazungushwa, akasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka Selvi na hakuyapangusa.

"Hapa ndipo anapoambiwa," akasema. "Kwamba harusi imekwisha. Sasa hendi tena mjini."

"Na dada mtu? Anajua kuwa kaka yake alifika mpaka hapa?"

"Mie kila mwaka nnajiuliza hivyo hivyo."

Tulisimama. Nilimtazama yule mwanamke na nywele zake bila ua. Nikamwona siku ya singo, yuko hapa Madurai, chumba cha nyuma, mlango umefungwa nusu, na simu mkononi. Na Raya upande wa pili, haambiwi kwa nini. Nilitaka kunyamaza. Wallahi nilitaka. Neno lilinitoka kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Selvi. Khalfan alipokufa, nani alinipikia eda nzima?"

"Mie."

"Siku niliyotoka eda, nani alinifukiza udi?"

"Mie, Bi Zuwena. Lakini yenu yana mwisho. Yetu hayana."

"Basi nijibu hili. Mie ni mjane. Nimemzika mume wangu, kama weye. Nikienda kumpaka Raya singo, ntampa mkosi?"

Akanigeukia kwa hasira, hasira ya kweli, sikuwahi kuiona miaka yote aliyokaa kwangu. "Usiseme maneno hayo! Mkosi gani? Weye mama yake!"

"Na weye nani?"

Watu walitusukuma huku na huku. Farasi alikuwa anageuzwa, anarudi alikotoka. Selvi akamtazama mpaka akapotea kwenye vumbi, kisha akaniuliza kama Raya bado anapenda karanga za kukaanga, maana lazima zinunuliwe leo, kesho maduka yatafungwa.

Hivyo ndivyo alivyokubali. Msiniulize nilijisikiaje. Nilijisikia mtu aliyetoa kitu chake kizuri kwa mkono wake mwenyewe, na mkono unamwuma.

Kurudi Seeb, na siku ya singo

Safari ya kurudi ilikuwa fupi, au mimi sikuwa na maneno. Selvi alibeba karanga, uzi wa mgomba, na asumini iliyofungwa kwenye jani na barafu, ambayo ilivuja kwenye mapaja ya Seif mpaka tukashuka.

Uwanjani nilikuwa mbele nikisukuma gari la mizigo. Nikamwona Raya, naye akaniona, akaja mbio amefungua mikono. Nikaacha gari. Akanipita. Akanipita kabisa, mashoga zangu, upepo wa baibui lake nikausikia shavuni, na nyuma yangu nikasikia "Amma! Amma!" Seif akalishika gari la mizigo lisigonge watu.

Alinikumbatia baadaye, ndiyo. Alinibusu mikono. Lakini nimeahidi kuandika yote.

Siku ya singo baadhi yenu mlikuwapo ukumbini mkiimba, mlango wa chumbani ulikuwa umefungwa. Ndani tulikuwa watatu. Raya amekaa juu ya mkeka na kanga kifuani, amefumba macho ili singo isimwingie. Chumba kimejaa mawaridi na liwa. Selvi alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga ile kanga yangu juu ya sari, NANI KAMA MAMA mgongoni, na hakusogea. Nilimwita kwa kichwa. Akatikisa chake. Midomo yake ikasema bila sauti, anza weye.

Sikumlazimisha. Niseme kweli, nilifurahi. Hiyo ndiyo saa niliyokuwa nimeitaka tangu mwanzo, na sikuiomba, nimepewa. Nikachota singo, nikaipaka mabegani mwa mwanangu, nikasugua kama mama yangu alivyonisugua mimi, toka shingoni kushuka mikononi. Raya akashusha pumzi, macho bado amefumba, akatabasamu.

"Amma," akasema, "mikono yako baridi leo."

Mikono ilikuwa yangu.

Nikaitazama, imejaa singo mpaka vifundoni. Ukumbini mlikuwa mnapiga vigelegele. Nikageuka mlangoni.

"Ingia, Selvi," nikamwambia. "Unaitwa."